Kalisi ya pili

Sheria ya Kanisa Katoliki inataka hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, iwe ya ngano tupu. Kanuni ya 924 inasema hivyo, na Juni 2017 Vatikani iliwaandikia maaskofu kuwakumbusha kwamba hostia isiyo kabisa na gluteni, protini ya ngano, haifai kwa Ekaristi. Mkatoliki wa kawaida anaweza kuzeeka bila kuzisikia habari hizo. Mimi zilinifikia mwaka 2018, Moshi, binti yangu akiwa kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Ngano ndiyo iliyokuwa imemdumaza mtoto huyo hata wageni wakawa wanadhani mdogo wake ndiye mkubwa.

Ugonjwa wake unaitwa seliaki. Si mzio, ingawa nikiwa na haraka huwa nawaambia watu ni mzio ili tusikawie mlangoni. Mwenye mzio wa karanga huvimba midomo na kubanwa pumzi papo hapo, na kila mtu anaona. Seliaki inafanya kazi kimyakimya. Gluteni ni ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike ukiukanda. Ikifika kwenye utumbo mwembamba wa mtu mwenye seliaki, kinga yake ya mwili inageuka na kuushambulia utumbo wenyewe, hadi vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinalala vyote. Mtoto anakula, anashiba, lakini mwili haupati kitu. Shayiri nayo ni hivyo hivyo. Mahindi, mchele, ulezi, mtama, muhogo, ndizi, hivyo havina neno.

Kabla hatujalijua jina hilo tulitibu minyoo, tukatibu malaria, tukatibu minyoo tena. Damu yake ilikuwa chini siku zote. Dawa ya maji ya kuongeza damu ilimpandisha kidogo, tukimaliza chupa anashuka. Leo najua sababu: madini ya chuma hufyonzwa mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, na hapo ndipo seliaki inapoharibu zaidi. Wifi yangu alikuwa akisema ni maumbile ya ukoo wao, kwamba hata yeye tangu usichana anameza vidonge vya damu. Kliniki wakatuelekeza uji wa lishe, tukasagisha mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano, na mtoto akanywa asubuhi na jioni. Tumbo likazidi kujaa na mikono ikazidi kukonda.

Aliyelifumbua fumbo ni daktari wa watoto aliyeacha kumtazama mtoto akaniuliza mimi. "Mama, hapa umeandika una tatizo la tezi. Tezi gani?" Nikamwambia ya shingo, kwamba kinga ya mwili wangu iliishambulia na kila asubuhi nameza kidonge. Akaweka kalamu chini. Magonjwa haya ya kinga kugeukia mwili, akasema, hupenda kutembea pamoja katika familia: tezi, kisukari cha aina ya kwanza, seliaki. Damu ya mtoto ilitumwa nje ya nchi kupimwa kingamwili, alama za shambulio hilo kwenye damu, baadaye akamezeshwa mpira wenye kamera na kukatwa vipande vidogo vya utumbo ili vitazamwe kwa hadubini. Majibu yakawa hayo. Tukaondoa ngano nyumbani. Kabla mwaka haujaisha sketi yake ya shule ilikuwa imepanda juu ya magoti.

Kwa hiyo alipofika mafundisho alikuwa mtoto mwenye afya, mkorofi kidogo, anayejua katekisimu yake vizuri. Siku ya mazoezi watoto walipigishwa mstari na katekista akawapa hostia ambazo bado hazijawekwa wakfu, wajifunze kupokea kwa adabu. Zamu yake ilipofika akafumba mdomo. Katekista akamwambia afungue. Akatikisa kichwa. Nilipofika kumchukua nilimkuta amesimamishwa pembeni, mikono nyuma, na wenzake wanamtazama.

Sikumlaumu katekista wala sitamlaumu leo. Alikuwa mzee aliyefundisha vizazi viwili vya mtaa ule, na nilipomweleza alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kitu kilichonisumbua usiku kucha: "Mama, ile siku yenyewe haitakuwa ngano tena. Itakuwa Mwili wa Kristo. Mwili wa Kristo utamdhuruje mtoto?"

Nilikuwa na jibu la hospitali. Watafiti waliwahi kuwapa wagonjwa wa seliaki waliokwishapona miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, na baada ya miezi mitatu utumbo ukaonyesha madhara. Miligramu 50 ni makombo. Chakula kinachoruhusiwa kuuzwa kwa wagonjwa hawa, kwa viwango vya kimataifa, hakitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa kila kilo. Lakini jibu la hospitali halikufika mahali lilipotoka swali la mzee yule. Mwenyewe ninaamini anachoamini yeye. Nilihitaji kujibiwa kutoka ndani ya imani.

Nikaenda kwa Paroko na bahasha ya vipimo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele na milele, amina. Karibu, mama. Katekista amekwisha nieleza."

Paroko yule alikuwa kijana, msemaji wa taratibu. Hakuifungua bahasha. Alisema swali la katekista ni zuri na Kanisa lilikwisha lijibu zamani: katika mageuzo, kiini cha mkate kinageuka, maumbo yanabaki. Rangi inabaki, ladha inabaki, uzito unabaki. Mtu akinywa divai nyingi iliyogeuzwa, atalewa. "Na tumbo la mwanao, mama, linakutana na maumbo." Nilishusha pumzi ambayo sikujua nimeizuia.

Kisha akanisomea kanuni inayofuata ile ya ngano, ya 925: komunyo hutolewa katika umbo la mkate peke yake, au katika maumbo yote mawili, na penye ulazima, hata katika umbo la divai peke yake. Kristo yupo mzima katika kila umbo, akasema, hivyo anayepokea divai tu hajapunjwa chochote. Tulizungumza pia juu ya hostia zenye gluteni kidogo sana, zinazoruhusiwa kwa kuwa bado ni ngano. Masista Wabenediktini wa Clyde, Missouri, Marekani, huzitengeneza zikiwa na gluteni asilimia 0.01. Wengi wenye seliaki wanazipokea bila shida. Lakini kuziagiza ni gharama na ni kusubiri, na divai ilikuwa kabatini sakristia.

Hapo ndipo nilipomwomba kitu ambacho hakuwa amekifikiria. Wakati wa sala ya Mwanakondoo wa Mungu, padre humega hostia na kudondosha kipande ndani ya kalisi, kikombe cha divai. Kalisi hiyo tayari ina ngano. Na vidole vinavyogawa hostia vina vumbi lake. Nilimweleza huku naona aibu, nikihisi kama mtu anayemfundisha padre misa. Alinyamaza, akatazama viganja vyake. Akasema, "Basi itakuwepo kalisi ya pili. Ndogo. Itakaa pembeni ya altare, sitaimegea kitu, na Sista ndiye atakayeishika, si mimi." Alimwita Sista wa sakristia pale pale. Sista akauliza swali ambalo mimi mwenyewe nisingelikumbuka: je, kitambaa cha kufutia kalisi nacho kiwe cha peke yake? Kiwe cha peke yake.

Kanisani mambo yakawa yamekaa sawa. Ilibaki nyumbani kwa mama mkwe, na huko kulikuwa kugumu zaidi.

Komunyo ya mjukuu kwa Bibi wa Kilimanjaro si chai na maandazi. Ni ukoo mzima, ni majirani, ni jumuiya. Mama mkwe alikuwa tayari amepanga chapati, sambusa na keki ya ghorofa tatu. Hakuwa akiukana ugonjwa, ila aliuona kama dawa za hospitali, kitu cha siku za kazi kinachopumzika siku ya sikukuu. "Mwanangu, siku moja tu. Mtoto asikate keki yake mwenyewe?"

Nilimweleza vinyweleo vya utumbo, akaitikia kwa heshima tu. Nikamsimulia habari za daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa ameanza kushuku ngano. Halafu ikaja njaa ya majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani wamezuia chakula, watu wa miji ya Uholanzi wakila hadi vitunguu vya maua ya tulip. Watoto wengine wakikonda, wale wake wenye ugonjwa huu wakawa wanapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua upya. Mwaka 1950 aliiandika kazi yake yote Utrecht, na tangu hapo ndipo matibabu yakajulikana: usile ngano, maisha yako yote.

Mama mkwe aliacha kuchambua mchele. Yeye ni mtu aliyeiona njaa ya 1974, akala mahindi ya njano ya msaada. "Watoto wa wenzao wanakonda," akasema, "wao wananenepa?" Ndiyo, mama. "Kwa kukosa mkate?" Kwa kukosa mkate. Alirudia hadithi hiyo kwa kila mtu aliyekuja kumsaidia maandalizi, na kila alipoirudia aliisimulia vizuri kuliko mimi.

Kuanzia hapo mipango aliichukua yeye. Chapati zilifutwa, si kwa mtoto tu, kwa wote, maana unga unaorushwa jikoni hautui mahali pamoja. Alipika mtori, kiburu, machalari, wali na mkate wa kumimina. Mchele wa mkate huo tuliuloweka na kuusaga nyumbani, kwa sababu mashine ya mtaani inasaga ngano na mahindi kwa jiwe lile lile. Mafuta ya kukaangia ndizi yalikuwa mapya. Miiko ya mbao aliyokuwa nayo tangu aolewe aliiweka juu ya kabati, akanunua mingine. Na badala ya keki, mtoto angekata ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Hilo nalo lilitaka macho: mpishi alikuja na chupa ya sosi ya soya ya kumpakia mbuzi, na soya ya chupa mara nyingi hutengenezwa na ngano. Bibi aliichukua mkononi mwake, akampa badala yake malimau, tangawizi, vitunguu saumu na chumvi.

Asubuhi ya Jumapili ile watoto waliingia na mishumaa. Wangu alikuwa katikati ya mstari, hakuwa wa mwisho wala pembeni. Hilo ndilo nililolisisitiza kuliko yote. Walipopiga magoti, Paroko akaanza kupita: "Mwili wa Kristo." "Amina." "Mwili wa Kristo." "Amina." Alipomfikia binti yangu akarudi nyuma hatua moja, Sista akasogea na kalisi ndogo. "Damu ya Kristo." Akajibu "Amina" kwa sauti iliyofika tulipokaa, akanywa, akakunja uso kwa ukali wa divai, na Paroko akaendelea kwa mtoto aliyefuata. Katekista alikuwa amesimama kwenye nguzo. Nilimtazama, akaniinamishia kichwa.

Nilikuwa nimeogopa maswali. Kulikuwa na moja tu, la mtoto wa jirani, kwa nini yeye amepewa divai. Binti yangu akamwambia ngano inamchoma tumbo, basi, wakaenda kucheza.

Kwenye sherehe alikata ndafu kama bwana harusi, akamlisha Bibi kwanza, kisha baba yake. Watu walikula wakaongeza. Sikusikia mtu akiulizia chapati. Bibi alikuwa ameketi na wazee wa jumuiya akiwapeleka Uholanzi kwa mara nyingine, na maua ya tulip yalikuwa yamekwisha kuwa mizizi ya magimbi.

Jua lilipoanza kushuka wifi yangu alinivuta kwenye kibaraza. Alikuwa amemsikiliza mama yake mchana kutwa. Alitoa mkobani pakiti ya vidonge vyake vya damu, akaniuliza ugonjwa huu unaweza kutoka upande wa baba wa mtoto. Nikamwambia unaweza, kwamba unarithiwa, na kwamba daktari alituagiza sote wa damu moja na mtoto tupime. Mimi na kaka yake tulikuwa tumeshapima, yeye hakuwepo wakati ule. Nilichana karatasi kwenye ratiba ya misa nikamwandikia jina la kipimo. Kesho naacha mkate, akasema. Nikamshika mkono: usiache, wifi. Endelea kula chapati zako hadi siku ya kutoa damu, maana ukiacha mapema kingamwili hupungua na kipimo kinaweza kusema huna. Akaikunja karatasi, akaitia pamoja na vidonge, akaniuliza hospitali inafungua saa ngapi Jumatatu.