Nilivyotumia kanzidata za silabasi kulinganisha kozi za utangulizi wa takwimu

Anayefungua Open Syllabus kwa mara ya kwanza hutarajia kukuta silabasi. Hazimo. Anachokuta ni hesabu zilizochujwa kutoka mamilioni ya silabasi: kitabu kimepangwa mara ngapi, katika fani ipi, nchi ipi, na huambatana na vitabu gani vingine. Mradi huo, ulioanzia Chuo Kikuu cha Columbia na kufungua ukurasa wake wa utafutaji kwa umma mwaka 2016, hautoi silabasi moja moja bila ruhusa ya wenyewe. Kwa hiyo kazi niliigawa mara mbili tangu mwanzo: kanzidata inionyeshe pa kuangalia, halafu silabasi zenyewe nizisake kwingine na kuzisoma.

Sehemu ya kwanza haichukui muda. Chagua fani, panga vitabu kwa idadi ya kutajwa, kisha fungua kimoja kimoja uone vinavyopangwa pamoja nacho. Hapo ndipo kambi hujitokeza: kozi za wanasaikolojia zina vitabu vyake, za wahandisi vyake, za biashara vyake. Mtu anayetafuta "kozi ya takwimu" kwa ujumla atachanganya kozi za aina tatu au nne. Alama ya 1 hadi 100 iliyo kando ya kitabu siitumii. Inatokana na nafasi ya kitabu kwenye orodha, kwa hiyo haikwambii pengo halisi kati ya kitabu na kitabu.

Idadi yenyewe nayo isichukuliwe kama ilivyo. Mashine hutambua kitabu kwa kukutanisha jina lake na jina la mwandishi ndani ya maandishi, na vitabu vya takwimu vina majina mafupi yanayofanana, hivyo ni rahisi kutokea makosa ya utambuzi. Kozi moja yenye wahadhiri watano muhula mmoja inaweza kuingia mara tano. Kozi inayofundishwa kwa maandishi ya mhadhiri mwenyewe haionekani kabisa kwenye hesabu za vitabu. Na mkusanyiko umeelemea nchi zinazofundisha kwa Kiingereza, Marekani ikiongoza.

Kupata silabasi kamili kuna njia kadhaa. MIT OpenCourseWare, tovuti ya bure ya nyenzo za kozi za chuo cha MIT cha Marekani, ni safi na kila kozi ina mwaka na muhula wake, ila hicho ni chuo kimoja, tena si cha kawaida. Jimbo la Texas ni hazina isiyotajwa sana: sheria ya mwaka 2009 inavitaka vyuo vya umma viweke mtandaoni silabasi za shahada ya kwanza, zifikiwe kwa viungo visivyozidi vitatu kutoka ukurasa wa mwanzo, bila kujisajili. Faida yake ni kwamba unapata vyuo vidogo na vikubwa kwa pamoja, si vile tu vinavyopenda kujionyesha. Kwingineko nilitumia injini ya utafutaji: jina la kozi, filetype:pdf (faili za PDF tu), site:.edu au site:.ac.uk (tovuti za vyuo vya Marekani au Uingereza tu), na maneno "office hours" ndani ya alama za nukuu. Maneno hayo huondoa takataka nyingi, maana saa za kumwona mhadhiri huandikwa kwenye silabasi, mara chache sana kwenye orodha ya kozi au tangazo la udahili. Kiungo kikiwa kimekufa, kibandike Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani.

Kila silabasi niliipa mstari mmoja kwenye jedwali: chuo, msimbo wa kozi, mwaka, kiwango, krediti, urefu wa muhula, kitabu cha lazima, uzito wa mtihani wa mwisho, kiungo, tarehe ya kupakua. Mada zilikaa jedwali la pili, mstari kwa kila mada, zikiunganishwa na la kwanza kwa namba ya silabasi. Ukizibana kwenye seli moja utajuta siku ya kuhesabu. Nakala pacha huondolewa kabla ya kusoma: chuo kilekile, msimbo uleule, bakiza ya karibuni, isipokuwa unachunguza mabadiliko ya miaka.

Penye mtego mkubwa ni wiki. Tuseme mada ya rigresheni inaanza wiki ya 11 kwenye kozi moja na wiki ya 8 kwenye nyingine. Ya pili inaonekana kuiwahi, kumbe ya kwanza ina wiki 15 na ya pili ina wiki 10: ni asilimia 73 ya muhula dhidi ya asilimia 80. Ya pili ndiyo inayochelewa. Badili kila wiki kuwa asilimia kabla ya kulinganisha chochote. Krediti ni vivyo hivyo: krediti moja ya Ulaya (ECTS) ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, ya Uingereza ni saa 10 hivi, na ya Marekani hukadiriwa saa 45 kwa muhula, ukijumlisha darasani na nje. Mimi hugeuza zote kuwa saa.

Kwenye kuweka misimbo ya mada, yaani kuamua kila silabasi ina mada zipi, mtu wa pili asome silabasi 10 zilezile bila kuona majibu yako. Mnapotofautiana, mara nyingi ni kati ya mada iliyotajwa kwenye malengo na mada iliyopangiwa wiki yake. Nilihesabu ya pili tu. Malengo huandikwa kwa ajili ya kamati za ithibati, ratiba huandikwa kwa ajili ya darasa. Hata ratiba ni mpango, na mada za wiki mbili za mwisho ndizo huliwa na mitihani au likizo, kwa hiyo nilizipa alama yake ya pekee.

Idadi ya kusoma haipangwi mapema. Endelea hadi silabasi 10 mfululizo zisilete mada mpya. Ukichapisha, toa jedwali na viungo. Faili za PDF zibaki kwako, kwa sababu nyingi ni mali ya wahadhiri wake na hazina leseni ya kusambazwa.