Ungio la tisa

Kambi yetu ya skauti ilikuwa Hombolo, nje ya Dodoma mjini, mwezi Juni, wakati baridi ya asubuhi inapouma vidole. Tulipewa kazi ya kujenga viunzi viwili vya kubeba kidaraja juu ya korongo. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Lakini sisi tuliokulia Ugogo tunajua linavyokuja Januari mvua ikinyesha huko juu.

Kiunzi kimoja kinataka miti 6: miguu miwili, miwili ya kulala, na miwili ya kukingama inayokatana katikati. Maungio yanakuwa 9. Manane hufungwa kwa mraba, la katikati hufungwa kwa mshazari; ni namna mbili tofauti za kufunga miti kwa kamba. Kiongozi wa kundi letu alifunga yote kwa mraba, tena kwa nguvu, na ukisimama mbele yake hukuona kasoro. Kamba ya katani ilikuwa imelala vizuri, mizungusho imepangana.

Mwalimu akaja, akashika mguu mmoja wa kiunzi, akautikisa. Miti ikalia. Pale katikati kamba ikaanza kutembea.

“Njooni huku nyuma, wanangu. Chungulieni hapo kati.”

Tukachungulia. Kati ya miti miwili palikuwa na uwazi wa kupitisha kidole. Ncha moja ya mti mmoja wa kukingama hufungwa upande wa pili wa mguu, kwa makusudi, kwa hiyo miti hiyo hupishana bila kugusana. Mraba unategemea miti iwe imeshagusana. Kazi yake ni kuizuia isiteleze. Hapa ilitakiwa kwanza kuvutwa ikutane.

Akalifungua lote ungio lile la katikati, alifunge kwa mshazari. Akaanza na kitanzi kilichokumbata miti yote miwili kwa pamoja, akaweka goti, akavuta. Niliiona miti ikipinda polepole mpaka ikabusiana. Akazungusha mara tatu upande huu, mara tatu upande wa pili, kisha akapitisha kamba kati ya miti, juu ya mizungusho ileile, kuikaba. Alipotikisa tena, kiunzi kizima kilikwenda kama mti mmoja. Ule mpindo ndio uliokipa ugumu.

Naamini vitabu vya mafundo vinawapotosha watoto vinapochora fundo lililokwisha tu, tena kwa mbele, mahali ambapo uwazi kati ya miti hauonekani. Tofauti huanzia kwenye kitanzi cha kwanza, na kosa huonekana ukichungulia nyuma.

Kiunzi cha pili hakikuguswa na kiongozi wala mwalimu. Kila mmoja wetu alifunga ungio la tisa kwa zamu, akakaguliwa, akafungua, akampisha mwenzake. Ugali ulipoa. Zamu yangu ilipofika mwalimu alipitisha ukucha kati ya miti, haukuingia, akasema, “Hii iache. Twende tukale.”