Siku moja na ekseli ya gari la ng'ombe

Saa 1 asubuhi nafungua karakana yangu ya kuchomelea vyuma hapa Wete, Pemba. Mvua ya masika imenyesha usiku kucha, mlango wa mbao umevimba haufunguki. Mlango ukinywa maji hivi, rodi za kuchomelea je? Nakimbilia friji bovu la kona. Ndani mna taa inayowaka mchana na usiku, na rodi zangu za 7018, aina isiyotaka unyevu hata kidogo. Watu hunicheka. Friji hili halikaushi rodi iliyokwisha loa, linaizuia tu isiloe. Iliyoloa inataka tanuri la nyuzi 300 na zaidi, saa nzima. Unyevu ukikutana na moto wa weldi hutoa gesi ya haidrojeni, ikajificha ndani ya chuma, ikaja kukipasua kesho au keshokutwa, mteja keshalipa.

Saa 2 na nusu, ami mmoja kutoka Mtambwe kaja na ekseli ya gari la ng'ombe. Imekatika mara ya tatu.

"Fundi, weldi hazishiki siku hizi."

Naitazama. Weldi imeshika vizuri sana! Ufa umepita pembeni yake. Hii ilikuwa ekseli ya motokaa, ina kaboni nyingi. Ukiichomelea ikiwa baridi, chuma cha kando ya mshono hupoa ghafla kikawa kigumu, kikavu kama kigae.

Hadi saa 6 ni grinda tu. Nimeondoa weldi yote ya zamani, nikachonga ncha mbili kama patasi, nikasugua kutu na grisi, maana nazo zina haidrojeni yake. Umeme ukakatika. Sala, muhogo kwa samaki.

Saa 8 umeme umerudi. Nimeilaza ekseli juu ya mkaa mpaka tone la maji, mbali na mshono, likawa linarukaruka kama shanga badala ya kutandaa. Hapo ndipo nikachomelea, tabaka juu ya tabaka, bila kuiacha ipoe katikati. Kila rodi inapokwisha narudi nyuma kidogo nijaze kile kishimo cha mwisho; kikibaki wazi hupasuka kama nyota.

Saa 10 namwona ami kashika ndoo ya maji.

"Naipoza, nikawahi."

"Weka chini, ami!"

Nikaifukia ndani ya majivu makavu, niliyoomba kwa jirani muuza mandazi.

"Keshokutwa, inshallah."

"Yakhe, na ng'ombe wangu?"

Saa 2 usiku nimetia mkono kwenye majivu: bado ya moto. Ami kesha­piga simu mara tatu.