Usiku Mjomba Alipoyanywa Maji ya Ziwa

Juzi jioni binti yangu alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Akainua mmoja kwenye mwanga wa taa, akauliza, "Baba, hawa wanatoka baharini?" Nikamwambia hapana, ni wa hapa hapa Ziwa Tanganyika. Kisha nikanyamaza. Swali hilohilo aliliuliza Mjomba, Julai 1998, tukiwa gizani katikati ya maji.

Alikuwa na siku mbili tu tangu ashuke treni. Mvuvi wa Tanga yule, wa kuzaliwa nayo kazi hiyo. Alituambia kwao kusi likishika, kuanzia Aprili mpaka Septemba, bahari huchafuka na baridi huingia, wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba wakitafuta changu na tasi, wakingoja kaskazi lirudi. Ziwa alilichukulia kama bwawa. Baba akamwambia, "Shemeji, twende ukalione."

Tulitoka Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, jua likizama. Julai mchana kunawaka, lakini usiku upepo wa kusini huja na baridi ya kutetemesha meno. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kazi yangu ilikuwa karabai. Unapiga pampu, unaukazia macho mwanga mpaka utulie. Vijidudu vya majini hupanda kuufuata, dagaa nao huja kuvila. Baba alikuwa ameniasa jambo moja: maji yasiguse kioo kikiwa cha moto.

Wimbi likaja la ubavuni. Nilikuwa namtazama Mjomba, sikukinga. Kioo kikalia ta! Soksi ya karabai, kile kitambaa kinachotoa mwanga, ikaporomoka kama jivu la sigara. Chini yetu dagaa walikuwa wanazunguka, duara zima linameta, na kabla sijavuta pumzi wakawa wamezama. Hakuna aliyesema neno. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na mitumbwi yetu miwili ikigongana taratibu na magogo yaliyoiunganisha.

Ndipo nikasikia maji yakichotwa. Mjomba alilowesha vidole, akavilamba, akatulia. Akachota tena, safari hii kwa viganja viwili, akanywa. Akanywa kama mtu aliyetoka safari ya jua kali. Nilisikia kila funda likishuka.

"Mpwa wangu," akasema, "tangu nizaliwe naishi juu ya maji, na kiu inaniuma humohumo." Kisha akamgeukia Baba: "Na hawa dagaa, wametoka baharini?"

"Wamezaliwa humu," Baba akajibu.

Tulirudi na beseni moja, halikujaa. Baba hakunigombeza usiku ule wala baadaye, na mpaka leo natamani kujua kwa nini. Mjomba aliondoka na chupa ya maji ya ziwa, ameiviringisha kwenye kikoi. Alikwenda kumwonjesha nani, sikuwahi kumuuliza, na sasa hayupo.

Karabai zimepotea, siku hizi ni taa za betri na sola. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, nilisimama Kibirizi usiku nikaangalia majini: hakuna taa hata moja. Nikaisikia tena ile ta!

Ukubwani nilisoma kwamba dagaa wetu ni ndugu wa dagaa wa baharini, ukoo uliozoea maji yasiyo na chumvi zamani mno. Kwa hiyo jibu nililompa binti yangu halikutimia. Nilitaka kumwita nilirekebishe, lakini sikujua nianzie kwenye kioo au kwenye yale maji. Yeye alikuwa amesharudi kwenye ungo wake.