Kukimbilia Jibu Si Kujifunza

Mchezo wa kwanza niliobuni ulikuwa mwepesi mno: mwalimu hutaja hesabu ya kuzidisha, nao watoto hukimbilia kadi yenye jibu ukutani. Walicheka, walitoka jasho, nami nikajipongeza. Nilipotazama kwa makini zaidi, niliona kwamba waliojua jibu ndio waliotangulia, na wasiolijua waliwafuata nyuma. Mbio zile hazikuhusiana kwa lolote na kuzidisha. Hata ningewaambia waruke kichura, mambo yangekuwa yale yale.

Tangu hapo, kabla ya kuchora chochote sakafuni, hujiuliza kama mwendo wenyewe una umbo la dhana inayofundishwa. Mtoto anayesimama kwenye 3 juu ya mstari wa namba, kisha akarudi nyuma hatua 5, hufika kwenye −2 kwa miguu yake mwenyewe. Vivyo hivyo, mtu mzima na mtoto wakitanua mikono kwa nyuzi 90, mtoto huona kwamba urefu wa mikono hauongezi ukubwa wa pembe, jambo ambalo michoro ya daftarini huwapotosha wengi.

Mfano ninaouheshimu zaidi ni wa Dor Abrahamson na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mtoto huinua mikono miwili, na skrini hugeuka kijani pale tu mkono mmoja unapokuwa juu mara mbili ya mwingine. Wengi huanza kwa kupandisha mikono huku wakishikilia umbali ule ule kati yake, na kijani hutoweka. Ndipo wanapogundua kwamba kadiri mikono inavyopanda, nafasi kati yake sharti ipanuke. Uwiano huo wanaujua mikononi kabla ya kuutamka.

Vifaa si lazima viwe vya gharama. Kinect, kifaa cha Microsoft kinachofuatilia mwendo wa mwili kwa kamera, ilitoka mwaka 2010, na kufikia 2017 ilikuwa imeacha kutengenezwa. Chaki bado ipo.

Mchezo wangu nimeuunda upya. Sasa 4 mara 3 ni miruko minne, kila mmoja ukisogeza mtoto miraba mitatu midogo, na anayetumia kiti cha magurudumu husukuma kwa vipimo hivyo hivyo. Kabla ya kuanza, kila mmoja husimama na kutaja mraba anaotarajia kufikia. Akikosea, hurudi alikotoka akihesabu kwa sauti.