Tapeli wa misaada huwa na fomu safi kabisa

Kila nikikaa kwenye kamati ya kugawa misaada (na huwa nakubali kuingia, sijui kwa nini) lazima ifike mahali mtu aulize "jamani, tuna uhakika gani huyu ana shida kweli?" Swali halali kabisa, hela si zetu, ni za watu waliojinyima. Ninachokichoka ni majibu yake. Oo ana simu ya tachi, oo kapendeza. Sasa mtu kaachishwa kazi juzijuzi ulitaka avae magunia? Simu kainunua enzi za mshahara na ndo hiyohiyo anasubiri apigiwe aitwe kwenye kibarua, aiuze ndo mumwamini?

Tapeli mzoefu makaratasi hayamsumbui hata kidogo, anajua fomu inataka nini, barua ya utambulisho anayo, kopi zimegongwa mihuri, stori imenyooka. Mwenye shida yake sasa, kitambulisho kimeisha muda, jina la baba limekosewa herufi, ukimuuliza kipato cha mwezi anakutolea macho maana yeye anapata cha siku, tena siku zingine hapati kabisa. Mkikaza masharti hapo atakayechujwa ni nani?

Na wakubwa nao wameanguka kwenye shimo hilihili. Uholanzi mamlaka ya kodi iliwaandama wazazi waliokuwa wanapata ruzuku ya malezi ya watoto, sahihi ikikosekana tu kwenye fomu unaitwa mwizi, rudisha zote, maelfu ya familia zikazama kwenye madeni, nyingi zenye asili ya nje, mpaka serikali ya Mark Rutte ikajiuzulu Januari 2021. Australia wao kazi ya kusaka waliolipwa posho kupita kiasi waliiachia kompyuta, mpango wenyewe watu wakaubatiza Robodebt: inachukua kipato chako cha mwaka inakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kwa hiyo ukifanya kazi miezi michache halafu ukaishi kwa posho ya serikali, mashine inaona ulikuwa na hela mwaka mzima, unaletewa deni. Baadaye ikaonekana halikuwa jambo la kisheria, hela zikarudishwa. Na hizo ni nchi zenye rekodi za kila kitu!

Wizi upo, nisieleweke vibaya. Ila ule mnono sijauona kwenye foleni, unafanyika huku kwetu tunaogawa, majina hewa kwenye orodha, mzigo unapungua njiani, mjumbe anaandika mashemeji. Huko hatuchunguzani, tunaoneana haya.

Siku hizi nikiingia kamati yoyote nadai kabla majina hayajasomwa kila mjumbe ataje ndugu zake waliomo. Mara ya kwanza kulisema hivyo watu wakaangaliana, mmoja akasema anatoka kupokea simu, hiyo simu ilimchukua hadi kikao kikafungwa.