Nilifuturu jukwaani, Ufaransa ikipanda daraja

Mtu wa Tanga haelezwi maana ya kushuka daraja. Mwaka 2016 ligi kuu ya Bara ilipokwisha, timu tatu za mkiani zote zilikuwa zetu: Coastal Union, African Sports na JKT Mgambo. Tatu kwa mpigo, mkoa mmoja. Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Ngamiani, Tanga, mimi nikiwa huku Angers, na kwa dakika nzima hakusema neno. Nilimsikia anapumua tu. Coastal walirudi msimu wa 2018/19, na hata leo yeye huhesabu miaka ile kama watu wanavyohesabu miaka ya njaa.

Kwa hiyo mfanyakazi mwenzangu aliponiambia, Aprili 2022, kwamba mji wetu huu wa Ufaransa utaandaa mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni ya wanawake, daraja la pili, sikuuliza habari za barafu. Niliuliza, "Wanapanda wangapi?"

"Mmoja," akasema.

Nikamwambia aninunulie tiketi.

Naomba nieleze ngazi yenyewe ilivyo, kwa sababu ilinichukua muda kuielewa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu limezipanga nchi kwa tabaka. Juu kabisa kuna nchi kumi, ndizo zinazocheza ubingwa wa dunia. Zile tano bora hukaa kundi moja, na zote huingia robo fainali. Tano zinazofuata hukaa kundi lao, ambamo tatu huingia robo fainali na mbili za chini hushuka. Chini ya hapo kuna tabaka ambalo kwenye karatasi linaitwa Daraja la Kwanza Kundi A. Jina hilo linachanganya, maana kwa hesabu ya mtu aliyekulia uwanja wa Mkwakwani, kule Tanga, hilo ni la pili. Chini yake lipo Kundi B, kisha Daraja la Pili, kisha la Tatu.

Tofauti na ligi yetu ni muda. Ligi unacheza mwaka mzima. Ukiteleza Septemba, utajirekebisha Februari. Huku ngazi nzima inafunguliwa kwa wiki moja. Nchi zinakutana mji mmoja, kila moja inacheza na kila mwenzake mara moja, pointi zinahesabiwa, basi. Kipa akiamka na homa siku ya Jumanne, mwaka umekwisha.

Na wiki ile ya Angers haikuwa ya mwaka mmoja. Ilikuwa imebeba miaka mitatu.

Aprili 2019 kule Espoo, Ufini, Ufaransa ilicheza daraja la juu kwa mara ya kwanza katika historia ya timu yake ya wanawake. Ikashuka papo hapo. Iliyoshuka nayo ilikuwa Uswidi, na hapo ndipo watu walipigwa na butwaa, kwa sababu Uswidi walikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya 2006 na waliwahi kuwatoa Wamarekani kwenye nusu fainali. Agosti ile ile wachezaji 43 wa Uswidi waligoma kwenda kambini, wakidai malipo, bima na maandalizi yanayostahili timu ya taifa. Mimi nawaunga mkono mpaka leo. Mtu anaomba ruhusa kazini, anapoteza mshahara, anakwenda kuvaa bendera ya nchi yake, halafu anaambiwa ashukuru kwa nafasi aliyopewa! Oktoba walifikia makubaliano.

Waliopanda kuchukua nafasi zao walikuwa Hungaria na Denmark. Kisha ikaja korona. Mashindano ya 2020 yakafutwa, ya juu na ya daraja la pili. Mwaka 2021 yale ya juu yalihangaikiwa: yaliposhindikana Nova Scotia, Kanada, yakahamishiwa Calgary, huko huko Kanada, yakachezwa Agosti. Ya chini yakafutwa tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika habari hii. Fedha na nguvu za kuwaokoa wakubwa zilipatikana. Wa daraja la pili waliambiwa wasubiri, na bila mashindano hakuna anayepanda. Binti aliyekuwa na miaka ishirini na sita aliposhuka Espoo alikuwa na ishirini na tisa alipopata tena nafasi ya kujaribu. Katika mchezo ambao wengi hawalipwi, miaka hiyo mitatu ndiyo inayomfanya mtu aache, aolewe, asome, atafute kazi ya kudumu.

Halafu Februari 2022 Urusi ilivamia Ukraine, ikafungiwa, na kiti chake juu kikabaki wazi. Wakapewa Uswidi. Yaani Uswidi walishuka wakarudi bila kugusa barafu ya daraja la pili hata mara moja.

Kwa hiyo Angers zilibaki nchi tano: Ufaransa, Norwe, Slovakia, Austria na Uholanzi. Mlango mmoja.

Uwanja unaitwa IceParc, ulifunguliwa 2019. Mechi zilianza tarehe 24 Aprili hadi 30, na yeyote anayejua kalenda yake atakumbuka kwamba hilo lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Huku mwezi huo jua linazama baada ya saa tatu usiku. Nilitoka kazini kwenye nyumba ya wazee, miguu inawaka, nikapitia nyumbani kuchukua tende, sambusa nne nilizofunga kwenye foili, na chupa ya uji wa pilipili manga. Mlinzi wa mlangoni alitazama chupa, akanitazama mimi, nikamweleza, akasema, "Pitia, mama, na funga njema." Alikuwa Mwaljeria.

Baridi ya ndani ya uwanja si ya Januari mtaani. Inapanda kutoka chini, inaingia kwenye nyayo. Nilivaa koti na khanga mbili juu yake. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika ishirini, na saa inasimama kila mchezo unaposimama, kwa hiyo dakika ishirini zinaweza kuwa arobaini. Kile kisahani cheusi wanachopiga badala ya mpira mwanzoni sikukiona kabisa. Mwenzangu akanifundisha: usikifuate kwa macho, tazama mabega ya wachezaji, yatakuonyesha kiliko. Alisema kweli. Nilipoyatazama mabega, mchezo ukafunguka. Wanaingia watano, wanakimbia kwa nguvu zote kama sekunde arobaini hivi, wanaruka ukuta kutoka na wengine wanaruka kuingia, mchezo hausimami. Ni kama wanawake wa msibani wanavyopokezana mwiko wa sufuria kubwa, huyu anachoka huyu anashika, na chakula hakiungui.

Nilimpenda Chloé Aurard, mshambuliaji wa Ufaransa, tangu dakika ya kwanza. Anapopata kisahani hana papara. Kila mtu anamkimbilia, naye kama anasubiri kwanza wafike.

Adhana ya kwenye simu ililia katikati ya kipindi cha pili. Nikaizima haraka, nikapiga bismillahi, nikala tende. Yule mzee wa kiti cha mbele aligeuka, akaona sambusa. Nikampa moja, mwenzangu moja, binti yake moja. Yangu ikabaki ya mwisho, na nilikuwa nimeishika mkononi, sijaiuma, Wafaransa walipofunga bao na jukwaa zima likasimama. Sikumbuki niliitupa wapi.

Ufaransa ikamaliza kileleni. Siku ya mwisho niliwaona wachezaji wamelundikana juu ya kipa wao, na wengine wamepiga magoti tu, peke yao, wametazama chini. Nilirekodi sauti nikamtumia mdogo wangu. Akajibu hapo hapo: "Dada, hao nao wanalia kama sisi?" Nikamwambia wanalia hivyo hivyo.

Nilibaki na kinyongo na Uswidi kwa muda. Norwe waliokaa wiki nzima Angers na kukosa, walikosa kwa sababu kiti cha pili kilishagawiwa mezani. Lakini niseme haki. Februari 2022, kwenye robo fainali ya Olimpiki ya Beijing, Kanada waliwafunga Uswidi 11-0. Septemba, wakiwa wamesharudishwa juu, wakakutana tena na Kanada robo fainali ya ubingwa wa dunia, wakafungwa 3-0. Aprili 2023, Brampton, robo fainali, Kanada hao hao, nyumbani kwao: 3-2, na bao la ushindi likapatikana muda wa nyongeza. Miezi kumi na minne tu. Hivyo ndivyo timu inavyokua inapocheza na wakubwa kila mwaka, na ndiyo maana nafasi ya kupanda ina thamani kuliko kombe lenyewe. Norwe nao wangepata miezi yao kumi na minne.

Na Ufaransa? Brampton ile ile walishuka, wao na Hungaria. Niliangalia kwenye simu, usiku wa manane. Asubuhi nikampigia mdogo wangu. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa sina neno, naye akangoja.

Walichukua nafasi hizo Denmark na Uchina, waliopanda kutoka mashindano ya daraja la pili ya Shenzhen, Uchina. Uchina mwaka mmoja nyuma walikuwa Kundi B, wakapanda mara mbili mfululizo. Mwaka 2024 wote wawili wakashuka tena, wakapanda Norwe na Hungaria kutoka mashindano ya daraja la pili ya Klagenfurt, Austria. Niliposoma jina la Norwe nilifurahi kama ndugu yangu amejifungua salama.

Sisi, naam, nasema sisi, tulibaki daraja la pili. Lakini timu hii ya daraja la pili ilifuzu Olimpiki ya Milano na Cortina ya 2026, mara ya kwanza kabisa kwa wanawake wa Ufaransa. Niliomba likizo ya wiki moja. Mdogo wangu aliponisikia alitaka kujua kitu kimoja tu: je, na wale Waswidi watakuwepo?

Watakuwepo, nikamwambia. Kundi moja na sisi.